Mama mkwe anataka mwanangu atahiriwe Desemba hii, nami roho inasita

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Isevya hapa Tabora mjini. Mume wangu ni mtu wa Ujiji, Mwislamu. Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge, Mkatoliki. Tulifunga ndoa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake, tukakubaliana mtoto afuate ya baba. Hilo sina ugomvi nalo. Mtoto wetu ni wa kiume, ana miaka mitano, yuko chekechea.

Mwezi wa sita mama mkwe alikuja kwa treni kutusalimia. Asubuhi moja akimwogesha mjukuu wake akaniita uani: "Mkwe wangu, hebu njoo uone." Mtoto alikuwa anakojoa, na ngozi ya mbele ilikuwa imejaa mkojo kama kiputo, halafu mkojo ukatoka mwembamba kama uzi. Mimi nilikuwa nimeliona hilo siku nyingi na halikunisumbua, kwa sababu mtoto halii wala haumwi. Mama akasema govi limefunga, huo ni ugonjwa, na kosa ni letu kumchelewesha. Kwao watoto hukatwa kabla hawajajua hata kutembea.

Kesho yake nikampeleka kwenye zahanati moja ya mtaani. Yule aliyetupokea hakuuliza neno. Alimlaza mtoto kitandani, akaishika ngozi, akaivuta nyuma kwa nguvu. Shangazi, mwanangu alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tangu nimzae. Damu ikatoka. Mtu yule akafuta mikono akaniambia, "Imeshikana, lazima ikatwe, mlete Jumatatu na shilingi 80,000." Sikurudi. Tangu siku hiyo mtoto akiona beseni la kuogea anajishika kwa mikono miwili na kuniangalia usoni.

Sasa ukoo umeamua. Desemba, shule zikifungwa, tumpeleke Ujiji akatahiriwe pamoja na watoto wanne wa kaka zake mume wangu, kwa ngariba yuleyule mzee aliyewakata wao. Nikisema neno, mume wangu ananijibu, "Mimi nilikatwa na mzee huyohuyo, nina kasoro gani?" Kaka yangu naye yuko upande wao. Yeye alijipeleka mwenyewe kwenye kambi ya tohara akiwa na miaka 24, baada ya kuuza tumbaku, na anasema bora watoto waondolewe mkono wa sweta mapema kwa sababu inazuia ukimwi. Binamu yangu wa Dar es Salaam ananitumia ujumbe wa sauti kila siku kwamba huu ni ukeketaji uleule, tofauti ni jinsia tu.

Kichwa kinaniuma. Mwanangu ni mgonjwa au si mgonjwa? Nikikubali, nitakuwa nimemkosea? Na nikikataa, mimi niliyetamka kwa kinywa changu kwamba afuate dini ya baba yake, sitakuwa nimevunja neno langu?

Mama wa Isevya, Tabora

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye beseni. Nitaanzia hapo. Ya Ujiji na Desemba yatafuata.

Alichofanyiwa mwanao kwenye ile zahanati kinaitwa kujeruhiwa. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa wodi ya watoto, na jambo hili nimelisema hadi sauti kunikauka: govi la mtoto mdogo halivutwi. Halivutwi na daktari, halivutwi na bibi, halivutwi na wewe mama kwa nia njema ya kusafisha. Mtoto wa kiume huzaliwa ngozi ya mbele ikiwa imegandana na kichwa cha uume kwa utando mwembamba, kama ukucha ulivyogandana na kidole. Utando huo huachia wenyewe, kidogo kidogo. Kwa mmoja utaachia akiwa na miaka mitatu, kwa mwingine kumi, kwa mwingine mpaka abalehe. Ukiuharakisha unachana nyama mbichi. Palipochanika huweza kuota kovu, na kovu ndilo linaloweza kulifunga govi kwelikweli. Maana yake mtu yule angeweza kumtengenezea mwanao ugonjwa uleule aliodai ameukuta.

Mwaka 1968 daktari wa Denmark, Jakob Øster, alichapisha matokeo ya kuwapima wavulana wa shule karibu 2,000, akiwarudia mwaka hadi mwaka. Wenye miaka 6 na 7, zaidi ya nusu ngozi ilikuwa bado imeshikana mahali fulani, na 8 katika kila 100 ilikuwa imebana. Kwa wenye miaka 16 na 17, aliyebanwa alikuwa 1 katika 100. Wengi wao hawakukatwa wala kuvutwa; walikua tu. Mwanao ana miaka mitano. Yumo kabisa ndani ya kundi la watoto wazima.

Na kile kiputo? Mkojo unatoka kwenye njia yake upesi kuliko mlango wa ngozi unavyoupitisha, basi ngozi inajaa kisha inajimwaga. Mtoto asiposikia maumivu, asipojikamua, na mkojo ukiisha wote, hakuna ugonjwa hapo. Mara nyingi kiputo hicho ni dalili kwamba utando umeanza kuachia. Huenda siku moja ukaona pia vipunje vyeupe chini ya ngozi, kama vya jibini. Wamama wengi huviona wakadhani ni usaha, wakakimbilia dawa. Ni seli za ngozi zilizokufa zikijikusanya, zitatoka zenyewe.

Nikueleze yanayonifanya mimi niseme kimbia hospitali. Mtoto akishindwa kukojoa kabisa. Ngozi ikirudi nyuma ikanasa huko, kichwa kikavimba: hiyo ni dharura, usingoje asubuhi. Ncha ya govi ikigeuka nyeupe na ngumu kama pete ya kovu. Usaha na wekundu unaorudi tena na tena, au homa za mkojo (UTI) zinazorudi. Kwa lile kovu jeupe na gumu, tohara ndiyo tiba, na hapo sitakuambia usubiri. Nje ya hayo, hata pale govi linapobana kweli, daktari huanza na dawa ya kupaka ya steroidi, kama betamethasoni, kwa wiki nne hadi nane, na kwa watoto wengi ngozi hulegea bila kisu. Lakini dawa hiyo usijinunulie dukani. Steroidi hizohizo ndizo wanazozichanganya kwenye mikorogo ya kujichubua, tyubu zimejaa kila kona ya soko, na mtu akipaka ovyo zinaikondesha ngozi.

Kwa kuwa alitoka damu, nataka aangaliwe mara moja na mtu anayejua. Nenda hospitali ya mkoa ya Kitete, omba kuonana na daktari wa watoto au wa upasuaji, na kabla mtoto hajavuliwa nguo sema, "Naomba usiivute." Atazame kwa macho tu kama pameota kovu. Daktari mzuri hatakasirika kwa neno hilo.

Sasa kaka yako. Ana ukweli mkononi, ila anampa mtu ambaye bado hauhitaji. Kati ya mwaka 2005 na 2007 yalitoka matokeo ya majaribio matatu makubwa: Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya, na Rakai nchini Uganda. Wanaume waligawanywa kwa kura, hawa watahiriwe sasa, wale baadaye. Waliotahiriwa hatari yao ya kuambukizwa VVU na mwanamke ilipungua kwa takriban asilimia 60. Ndiyo maana Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakashauri tohara kwenye nchi zetu hizi, na Tabora, ambako Wanyamwezi wengi hawakuwa na mila ya jando, ikawa moja ya mikoa iliyopelekewa kambi. Kaka yako alifanya jambo la maana. Alikuwa mtu mzima, aliambiwa faida na hatari, akajipeleka kwa miguu yake.

Lakini hao waliopimwa walikuwa vijana na watu wazima wanaofanya ngono. Mdogo kabisa, kule Rakai, alikuwa na miaka 15. Mtoto wa chekechea hana hatari hiyo ya kupunguziwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilielekeza kwamba tohara ya kuzuia VVU ilenge wenye miaka 15 na kuendelea. Sababu mojawapo ni kwamba kwa wavulana wadogo zaidi kulitokea majeraha machache lakini mabaya, kichwa cha uume kukatwa au njia ya mkojo kutoboka, na nyingine ni kwamba wa miaka 15 anaweza kuelewa na kukubali mwenyewe. Kwa hiyo mwanao ana miaka kumi mbele yake kabla hoja ya mjomba wake haijamfikia, na itakapomfika ataweza kuijibu mwenyewe, kama mjomba alivyofanya. Faida nyingine zinazotajwa ni ndogo kwake. Homa za mkojo kwa watoto wa kiume ni nyingi zaidi mwaka wa kwanza, nao ameshauvuka. Saratani ya uume ni adimu, na huzuilika kwa njia nyingine.

Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni hili: kwa ulivyoeleza, mwanao si mgonjwa, na hakuna mtu mwenye haki ya kukuambia ni mgonjwa ili upate kukubali. Mama mkwe akitaka mjukuu atahiriwe kwa dini, aseme ni dini. Hilo ni neno zito, linastahili kujibiwa kwa heshima. Likijificha nyuma ya ugonjwa usiokuwepo, ndipo watoto wanapoanza kukatwa kwa haraka, kwa hofu, na yeyote aliye karibu.

Binamu yako amekosea jambo moja, ila swali lake si la kipuuzi. Ukeketaji wa wasichana hauna faida yoyote ya kiafya. Unaondoa kiungo, unaharibu uzazi, unaua kwa kutokwa damu leo na kwa uzazi mgumu kesho, na sheria yetu tangu mwaka 1998 inamhesabu anayemfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa mhalifu. Nimewahudumia akina mama waliokeketwa wakijifungua. Sitakubali mtu ayaweke mambo haya mawili kwenye kapu moja. Anachouliza, hata hivyo, ni nani mwenye idhini juu ya mwili wa mtoto mzima asiye na ugonjwa, na hilo wakubwa wa dunia wameshindwa kuliafiki. Mwaka 2010 shirikisho la madaktari wa Uholanzi lilitamka kwamba kumtahiri mtoto asiyeumwa kunagongana na haki yake juu ya mwili wake. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikasema faida zinazidi hatari, ila si kwa kiasi cha kushauri kila mtoto akatwe, kikawaachia wazazi. Mwaka huohuo mahakama moja ya Cologne, Ujerumani, ikasema tohara ya mtoto kwa sababu ya dini ni kumjeruhi. Kabla mwaka haujaisha Bunge la huko likapitisha sheria ya kuwaruhusu wazazi. Hesabu za kitabibu walizokuwa nazo mezani hazikutofautiana sana. Walichogombania ni idhini.

Kwetu hakuna sheria inayokataza tohara ya mtoto wa kiume. Ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotaka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na inayompa mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kusikilizwa. Mwanao anayejishika kwa mikono miwili mbele ya beseni ameshatoa maoni yake, mwanangu.

Nije kwenye dini, maana naona ndiko kunakokuuma zaidi. Kwenu Wakristo jambo hili lilimalizwa Yerusalemu, kwenye Matendo ya Mitume sura ya 15. Kwa mumeo halikumalizwa. Katika hadithi ya Mtume tohara imetajwa miongoni mwa mambo ya fitra, yaani maumbile safi ya mtu, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani waliyafuata na misafara ya Bagamoyo ikayafikisha Tabora na Ujiji, tohara ya mwanamume ni wajibu. Usimwambie mumeo ni mila tu. Ukimwambia hivyo atakuziba masikio, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Ila katika madhehebu hayohayo, kauli yenye nguvu ni kwamba wajibu wenyewe humfika mtu akibalehe. Kabla ya hapo mzazi anapendekezewa, na mtoto ambaye hali yake haijawa nzuri husubiriwa mpaka aweze. Mimi si mufti, na mumeo asinichukulie hivyo. Mwombe aende kwa shehe wa msikiti wake na swali hili hasa: mtoto wa miaka mitano aliyejeruhiwa sehemu hiyo Juni, mwenye hofu, je, ni lazima akatwe Desemba? Asiulize kama tohara ni wajibu, jibu hilo analijua. Aulize kuhusu mwezi.

Neno lako basi hujalivunja. Ulikubali mtoto afuate dini ya baba yake. Hukukubali wembe, wala tarehe, wala mzee wa Ujiji.

Kuhusu huyo mzee. Mumeo anapokuuliza ana kasoro gani, usimtafutie kasoro. Hana, namshukuru Mungu, na wengi waliopita kwa mangariba hawana. Lakini wanaosimulia ni waliopona. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Bungoma, magharibi ya Kenya, uliofuatilia wavulana waliotahiriwa. Kwa mangariba, 35 katika kila 100 walipata madhara ya namna fulani. Kliniki, 18 katika kila 100, na namba hiyo ya pili ndiyo iliyonihuzunisha zaidi, kwa sababu wazazi wao waliamini wameshafika salama. Koti jeupe halitoshi. Wewe mwenyewe umeliona kwenye zahanati yenu.

Kuna usiku mmoja sijausahau. Kwenye hospitali niliyokuwa nafanyia kazi aliletwa mtoto wa miaka saba kama hivi, amebebwa juu ya baiskeli kutoka kijijini, amefungwa kitenge cha mama yake. Alikuwa ametahiriwa siku ya tatu hiyo. Kitenge kilikuwa kimekauka kwa damu mpaka kinasimama chenyewe, na tulipokifungua tulikuta jivu limepakwa, na chini ya jivu damu bado inachuruzika, pole pole, haigandi. Midomo ya mtoto ilikuwa myeupe. Tukamwekea damu. Daktari akamwuliza mama, kuna mtu kwenu aliwahi kutoka damu isiyokatika? Akafikiri, akasema, "Mjomba wangu alikufa kwa kung'olewa jino." Nikamwuliza kama alimwambia mtu yeyote kabla mtoto hajakatwa. Akajibu hakuulizwa, maana jando ni shughuli ya ukoo wa baba.

Mtoto yule alipona. Lakini ugonjwa ule wa damu kutoganda, hemofilia, mama ndiye anayeubeba na kumrithisha mwanawe. Unapita upande wa wajomba, ule ambao siku ya jando haukai mkekani. Kwa hiyo, mwanangu, hata tohara hiyo ikifanyika mwaka gani na wapi, upande wako una neno la kusema, na neno hilo linaweza kuwa la uhai. Piga simu Sikonge. Uliza wajomba na bibi kama kuna mwanamume aliyewahi kutoka damu muda mrefu kwa jino, kwa kidonda, kwa tohara. Uliza habari za sikoseli pande zote mbili, maana mtoto mwenye sikoseli lazima anayempasua ajue mapema. Tena daktari atazame tundu la mkojo liko wapi. Likiwa chini ya uume badala ya nchani, mtoto huyo hatahiriwi, kwa sababu ngozi ileile ndiyo mpasuaji ataihitaji kumtengeneza.

Na watoto watano siku moja kwa mzee mmoja, wembe utakuwa mmoja au mitano? Ukimwuliza mumeo swali hilo peke yake, bila hasira, atalifikiria usiku kucha. VVU, homa ya ini ya B, pepopunda, vyote vinajua njia hiyo.

Unataka kujua mimi ningefanya nini. Desemba hii nisingekubali. Mtoto ana jeraha ambalo halijaangaliwa na hofu ambayo haijatulia, na hakuna kinachoharibika akisubiri. Ningemwambia mume wangu wazi kwamba sipingi mtoto kuwa Mwislamu kamili, ila naomba mambo ambayo dini yake haiyakatazi: afike umri wa kuelezwa na kuuliza maswali, aulizwe, na sisi wawili tuwe tumekubaliana kabla ya ukoo. Mzazi mmoja asimwibe mtoto wakati mwenzake yuko sokoni. Nimewaona waliofanya hivyo. Ndoa hazikurudi zilivyokuwa. Siku ikifika, iwe hospitali, kwa mtu aliyefunzwa kutahiri watoto, kwa ganzi, na kabla ya kuanza afinye ngozi ya mtoto kuhakikisha ganzi imeshika. Kwa mvulana mdogo muulizeni mpasuaji anatumia njia gani. Ile ya kuibana ngozi kwa koleo na kukata bila kukiona kichwa ndiyo iliyohusika na majeraha niliyoyataja. Ile ya kuchana kwanza kwa juu humwezesha kuona anachokikata.

Moyoni mwangu napenda zaidi asubiri mpaka aweze kusema ndiyo yake mwenyewe. Lakini sitakudanganya kwamba kusubiri hakuna gharama. Kwa Tabora, shuleni kwake wapo wengi kama yeye. Akienda likizo Ujiji, binamu zake wanne watakuwa wamevaa misuli yao, wamelishwa supu ya kuku, na yeye hayumo. Watamwita majina. Hilo linauma, na mtoto wa miaka tisa linaweza kumuuma kuliko kisu. Mwaka huo akija mwenyewe akasema, "Mama, nataka niwe kama wenzangu," nalo ni neno lake, msikilizeni kama mnavyotakiwa kumsikiliza leo.

Kwa mama mkwe usimtume mumeo peke yake. Mpigie wewe, mwamkie, mwulize hali ya mvua na dagaa, kisha umsimulie jambo ambalo nadhani hamjamsimulia: kilichompata mjukuu wake kule zahanati siku ile. Alisema ni mgonjwa kwa sababu anampenda. Mwambie damu ilitoka, mwambie juu ya beseni. Bibi akilisikia hilo kutoka kwako huenda akawa wa kwanza kusema tumwache apoe.

Na leo jioni mpe mtoto ndoo yake na sabuni yake. Mwambie kwamba sasa amekuwa mkubwa, ataoga mwenyewe, dudu lake ataliosha kwa nje tu kama anavyoosha kidole, na hakuna mtu atakayelivuta tena, si bibi, si daktari, si mama. Kisha toka, kaa nje ya mlango wa uani, uzungumze naye mambo ya chekechea mpaka amalize.

Shangazi